Bomba Lililonyamaza

Mie nimesoma mpaka darasa la nne, nikaishia hapo. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta humu maneno ya maprofesa. Maprofesa nawajua, nimewazibulia vyoo miaka ishirini na nane, na sikumkuta hata mmoja anayejua maji yanafikaje ghorofa ya nne. Mie nilijua. Kwa kujua huko nimejenga nyumba Keko, nimesomesha watoto, nimezika wazazi wangu kwa heshima, na sijagonga mlango wa mtu kuomba unga.

Chuo chenyewe kipo kilimani, upande wa Kinondoni. Maji ya mji yalikuwa yanakuja kwa mgawo, leo yapo kesho hayapo, kwa hiyo chuo kiliishi kwa kisima chake. Kisima kipo bondeni, nyuma ya mabweni, ndani ya kijumba cha zege kilichozama nusu ardhini. Sie tulikiita shimoni. Pampu imo humo. Inasukuma maji kwenye bomba la chuma la inchi tatu, linapanda mteremko mzima juu ya vijiguzo vya zege mpaka tangi kubwa lililo kileleni. Kutoka tangini maji yanashuka yenyewe kwenda kila jengo, kwa njia ambazo hakuna karatasi inayozionyesha. Ramani ililiwa na mchwa kabla sijaajiriwa. Msimamizi wetu wa majengo aliniomba mara tatu nimchoree nyingine. Mara tatu nikamwambia nitachora. Sikuchora. Mtu asiye na cheti akishakabidhi anachokijua, kabaki na nini?

Tulikuwa wawili. Mie wa mabomba na tangi, mwenzangu wa pampu. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mie Mzaramo, watani tangu enzi za mababu. Miaka kumi na tisa hatukuwahi kuitana kwa majina. Mie nilimwita mpagazi, kwa sababu babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani kwa vichwa. Yeye aliniambia babu zangu walikuwa wanaipokea ile mizigo wamelala.

Boya la tangini lilikufa zamani, kwa hiyo aliye shimoni hakuwa na njia ya kujua tangi limejaa. Simu? Shimoni mtandao haufiki, na pampu ikinguruma hata ukipigiwa baragumu husikii. Tulikuwa tunagonga bomba. Unapiga chuma kwa spana kule juu, aliye chini kaweka kiganja kwenye bomba, pigo linamfikia mkononi. Mapigo matatu: washa. Mawili: zima. Moja: nimesikia. Na mfululizo, bila kuhesabu, maana yake acha kila kitu uje. Mfululizo tuliutumia mara moja tu, siku swila alipoingia shimoni. Nilishuka mlima ule bila kiatu kimoja.

Korona ilipoingia, chuo kilifungwa ghafla. Ndani ya siku mbili wanafunzi walikuwa wameshaburuta masanduku yao mpaka getini, na kilima kikabaki kitupu. Waliobaki ni wale wa nchi za watu, ambao mipaka ilifungwa wakashindwa kurudi kwao, na wachache wasio na pa kwenda. Wakakusanywa bweni moja. Kantini ikafungwa, tumbili waliozoea mabaki wakaanza kuingia popote penye mlango wazi. Mtani wangu akawa anajifungia shimoni kwa komeo la ndani, maana walimwibia chakula chake siku mbili mfululizo.

Msimamizi alituita nje ya ofisi, tusimame mbalimbali. Kijana mzuri, msomi, ana adabu.

"Wazee wangu, agizo linasema wenye umri mkubwa wapumzike nyumbani. Nyie ndio mnaongoza orodha."

"Sawa," nikamwambia. "Nikabidhi kwa nani?"

"Kabidhi kwa yeyote, mzee."

"Huyo yeyote anajua kwamba valvu ya maktaba inafungwa kwa kuzungusha kushoto? Akizungusha kulia kama valvu za watu wengine, bweni lenye wanafunzi linakauka. Anajua?"

Akaikunja ile orodha.

"Basi endeleeni," akasema. "Ila mkae mbali na watu. Na mwenye dalili yoyote aseme siku hiyo hiyo. Mzee wangu, nakuomba sana hilo."

Nikatoka pale kifua mbele. Mie ambaye sikumaliza shule, chuo kizima kimeshindwa kuniruhusu nikalale.

Wiki ya tatu mtani akaanza kukohoa.

"Kikohozi hicho cha lini?" nikamuuliza. Yeye alikuwa kakaa mlangoni shimoni, mie kwenye jiwe mbali naye.

"Cha klorini. Yule mama wa usafi anamwaga klorini kama anaua mende."

"Na jasho hilo?"

"Mzaramo lini umekuwa daktari? Kwenu mganga ni yule anayepiga ngoma."

Nikacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya pili akapanda ngazi nne za shimoni akasimama katikati kupumzika. Ngazi nne. Nikamwambia mtani, twende tukaseme. Akaondoa barakoa ili nimwone vizuri mdomo.

"Sikia. Ukisema, watanibeba. Na wanaobebwa nasikia wanavyozikwa, watu wamejifunika nguo nyeupe mpaka machoni, hata jina la baba yako hawalijui. Mnyamwezi mie nizikwe bila mtani? Nani atalala kaburini kwangu akatae kutoka mpaka alipwe, kama watani wanavyofanya? Nani atanitukana?"

"Basi kaa nyumbani upige nyungu, upone."

"Nyumbani ni chumba kimoja Tandale, ukuta wangu ndio ukuta wa jirani, na jirani ana kichanga. Nikamkoholee nani kwanza? Hapa shimoni niko peke yangu. Karantini gani inashinda hii?"

Mke wake alikuwa Tabora. Maneno yake yalikuwa na akili. Nikakubali kunyamaza.

Lakini nisijipambe. Sikukubali kwa huruma peke yake. Akiondoka yeye, msimamizi angeleta fundi wa nje, na fundi wa nje angeanza kuuliza hili linaelekea wapi, lile linafunga nini, na kichwa changu kingebidi kifunguliwe. Nilitaka mtani abaki ili na mie nibaki yule yule. Nikawa namletea majani ya mwarobaini na mchaichai, tangawizi na malimau, naviweka mlangoni, narudi nyuma hatua kumi. Nikajiambia namtunza.

Ndipo bomba likapasuka. Katikati ya mteremko, mahali palipokuwa na kutu ya siku nyingi. Maji yakaruka, tukazima pampu, na tangi likaisha jioni hiyo hiyo. Chuo kizima kimebandikwa karatasi kila ukuta: nawa mikono, nawa mikono. Ndoo za maji tiririka zimepangwa kila mlango. Na hakuna tone.

Asubuhi nikaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kwetu Keko, la mzee mmoja wa Kiarabu ambaye baba yake aliuza misumari pale pale kabla mie sijazaliwa. Alikuwa kafunga kamba mbele ya kaunta, wateja wasisogee.

"Chuma cha inchi tatu, kipande tu," nikamwambia.

"Hakuna, ndugu yangu. Kontena liko Kurasini, karatasi za kontena ziko kwa mtu, na mtu yuko karantini. Chukua plastiki nzito, hii hapa, na viungio vyake."

"Plastiki kwenye bomba langu?"

"Bomba lako la dhahabu? Maji hayabagui, yatapita tu. Kontena likitoka nitakuwekea chuma chako."

Nilizunguka maduka mengine mawili, jibu lile lile. Nikarudi kuchukua plastiki. Nilipofika chuoni nikakata sehemu mbovu kwa msumeno wa chuma, nikaingiza kipande cha plastiki chenye urefu wa mkono, nikakaza mpaka mishipa ikanitoka shingoni. Nilifanya peke yangu. Mtani alikaa chini ya kivuli cha ukuta, mbali, macho kayafumba nusu. Alikuwa hatanii tena. Hilo lilinitisha kuliko kikohozi. Viungio vilitakiwa vishike vizuri kabla ya kusukumiwa maji, kwa hiyo nikasema tutawasha kesho asubuhi. Ikawa siku ya pili wanafunzi wanashuka na ndoo kuchota yaliyobaki kwenye tangi la mvua.

Kesho yake mtani alifika kabla yangu. Nilimkuta kakaa ngazi ya chini, kashika bomba kama mtu anayeshika mkongojo. Akizungumza maneno matatu, anavuta pumzi.

"Leo usifanye," nikamwambia. "Nitawasha mie, kisha nipande."

"Ukipanda, nani anazima? Ulijaza tangi lini wewe peke yako? Pampu ikinyonya hewa inaungua, na pampu nyingine haipo." Akapumzika. "Nenda juu. Tukimaliza kujaza, twende tukaseme. Nakubali. Leo nakubali."

"Wallahi?"

"Nakubali, mtani. Nikizidiwa nitagonga mfululizo. Utashuka?"

"Nitashuka."

"Usije ukakaa huko unaota madafu."

"Wewe gonga, mpagazi. Nitasikia."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nitasikia. Akaingia ndani, nikasikia komeo likirudi.

Nilipanda mteremko, nikapita pale nilipotia plastiki, nikainama kuangalia kama panavuja. Pakavu. Nikajisifu, kweli kabisa, nikajisifu kwa sauti. Nikaendelea mpaka tangini, nikapanda ngazi, nikachukua spana, nikapiga mapigo matatu.

Mtu aliyepiga chuma kile miaka kumi na tisa anaijua sauti yake. Ukipiga, kinaita, mlio unateremka mlima, na kwa kitambo unausikia unavyokwenda. Siku ile pigo lilikwenda kidogo likafa. Nikaweka kiganja kungoja pigo lake moja. Hakuna. Nikapiga tena matatu kwa nguvu. Likafa pale pale.

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Bomba lile lilikuwa ulimi wetu, na mie nimeukata kwa msumeno, nikauunga kwa plastiki. Fundi wa miaka ishirini na nane nilifikiria maji tu, kama yule mzee wa duka. Nimemwacha mgonjwa shimoni, mlango una komeo, nimemwambia gonga nitasikia, na siwezi kusikia.

Nikashusha mguu ngazi ya kwanza. Kabla sijafika ya pili, bomba likatetemeka, maji yakaingia tangini kwa kishindo. Kawasha. Saa yetu ya kuwasha anaijua, hakuhitaji mapigo yangu. Nikasimama pale, mguu mmoja juu mmoja chini. Kama kawasha, basi yuko mzima. Nikishuka sasa kumwambia bomba halisemi, nani ataangalia tangi? Na kule chini kwenye njia ya bweni niliwaona wanafunzi watatu na ndoo tupu, wamesikia maji, wametazama juu kwangu.

Nikarudi. Nikakaa juu ya mfuniko wa tangi.

Nimeandika yote haya ili nifike kwenye kifungu hiki. Nilikaa. Sikulala, sikusahau. Nilikaa nikijua kwamba akigonga sitasikia. Kila baada ya muda niliweka kiganja kwenye chuma, kama vile kiganja kingebadilisha kitu, na nilichosikia ni mtikiso wa maji peke yake. Nikajiambia likifika nusu nashuka. Likafika nusu. Nikajiambia robo tatu, maana nusu itaisha kesho na kesho huenda mtani hatakuwepo. Jua likapanda. Kiganja kikaungua. Ni kama nusu saa, labda zaidi kidogo, sikuwa na saa na sitaki kujipunguzia.

Kisha bomba likakohoa. Maji yakaja, yakakatika, ikatoka hewa, yakaja tena kwa kurusha. Kisima kimeshuka, pampu inanyonya hewa. Mtani wangu hakuwahi kuiacha pampu inyonye hewa. Alikuwa anaisikia kabla haijaanza, anazima akiwa anatafuna muhogo. Likakohoa mara ya pili, mara ya tatu, na hakuna aliyezima.

Nilishuka ngazi kwa kuruka. Miaka yangu sitaji, lakini mguu wa kulia una chuma ndani tangu nilipoanguka kwenye paa la maktaba. Nilikimbia. Spana ya valvu, ile ndefu ya kufungulia koki za ardhini, nilikuwa nayo begani na sikuitupa. Nilianguka mara moja pale kwenye plastiki yangu. Nikaamka.

"Mtani! Mpagazi! Fungua!"

Pampu inalia kwa sauti kali, kavu. Harufu ya kuungua inatoka chini ya mlango. Nikasukuma, komeo likakataa. Nikaingiza ncha ya spana ya valvu kwenye upenyo, nikaegemea kwa mwili wote, ubao ukapasuka, nikaegemea tena, mlango ukaanguka ndani.

Alikuwa kakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, miguu imenyooka mbele, spana bado iko mkononi. Mdomo umekuwa wa rangi ya zambarau. Bomba pembeni yake, pale kimo cha mtu aliyekaa, rangi nyekundu ilikuwa imebanduka, chuma kinang'aa, alama juu ya alama, nyingi kuliko mtu angeweza kuzihesabu.

Mkono wangu ulikwenda kwenye swichi kwanza. Nilizima pampu, halafu ndio nikamgusa. Hata hilo nimeliandika.

"Mtani."

Macho yakafunguka. Nikamshika makwapani nikamburuta mpaka ngazi, na ngazi zile nne zikanishinda. Nikapiga kelele. Aliyenisikia ni yule mama wa usafi, mtu wa Lindi, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akaja na mkokoteni wake wa taka.

"Anakohoa tangu lini?" akauliza, huku anafunga kanga juu ya barakoa.

"Wiki nzima."

"Na wewe ulijua?"

Nikarudi kumshika makwapani.

"Mizee miwili, akili hata nusu hamna. Mshike miguu. Nimesema miguu, babu, mie ndio nashika kichwa."

Tukamtoa. Tukamlaza mkokotenini juu ya magunia, tukamsukuma mlima ule, yeye mama upande mmoja mie upande mwingine, magurudumu yanalia. Katikati ya njia mtani akasogeza vidole. Nikainamisha sikio.

"Leo," akasema. Akavuta pumzi. "Mzaramo... kabeba... mzigo."

"Nyamaza, mbwa wewe," nikamwambia, na machozi yakaingia ndani ya barakoa.

Getini mlinzi aliona tunakuja akarudi nyuma, mkono mbele.

"Wazee, shikamooni, lakini naomba msimsogeze huku. Tusubiri gari lenyewe la wagonjwa."

"Pikapu ya chuo ile pale ni pambo?" mama akamwambia. "Fungua geti kabla sijakumwagia ndoo ya klorini. Na mwite dereva, ashushe vioo vyote."

Alifungua. Dereva alikuja, akashusha vioo, akaendesha. Hospitali walimpokea mlangoni, watu waliojifunika nyeupe mpaka machoni, wale wale aliowaogopa. Mmoja wao akamwinamia akamuuliza taratibu, "Baba, jina lako nani? Na la baba yako?" Akalisema. Nikamwona analisema.

Mie nikaamriwa nyumbani siku kumi na nne. Nililala chumba cha uani, mke wangu anaweka sahani mlangoni kama nilivyokuwa namwekea mtani malimau. Kazi yangu ilikuwa kutazama simu. Siku mbili za kwanza hospitali wakasema yuko kwenye oksijeni. Ya tatu wakasema yuko vile vile. Ya nne simu ikaita asubuhi, nikaiangalia inavyoita, nikashindwa kuipokea mpaka mke wangu akafoka nje ya mlango.

Hakuwa daktari. Alikuwa msimamizi.

"Mzee wangu, mwenzako hajambo kidogo. Pampu ilipona, tangi lina maji, ila bweni limekauka na hatujui tufungue wapi."

Nilikuwa na hoja zangu zote za miaka ile mdomoni. Nikasema, "Mpe simu yule mama wa usafi." Akapewa. Nikafumba macho, nikamtembeza chuo kizima kwa maneno. Toka kwenye mwembe wa maktaba hatua tisa, chimba kidogo, kuna mfuniko. Usizungushe kulia. Kushoto, mama, kushoto. Alipochoka kushika yote kichwani nikasikia anamwambia msimamizi amwandikie. Tulifanya hivyo siku tatu. Mwisho wa siku ya tatu kichwa changu kilikuwa kwenye daftari la mtu mwingine. Hakuna kilichonipata, nilikula nikalala.

Mtani alitoka hospitali akiwa hai. Kifua kilibaki kibovu, akitembea anasimama, lakini hai. Chuo kilipofunguliwa, wakatuita kwenye mkutano wa wafanyakazi, tukakaa viti mbalimbali. Wakampa kipaza sauti.

"Mie nipo hapa kwa sababu ya mtani wangu," akasema. "Niligonga bomba, akanisikia kutoka kule juu, akashuka kama aliyeitwa na mauti yake. Wazaramo mnasema wavivu. Huyu alisikia."

Watu wakapiga makofi. Msimamizi akanikabidhi cheti, cha kwanza maishani mwangu, jina langu limeandikwa kwa wino wa bluu. Nilikipokea kwa mikono miwili nikarudi kukaa. Mama wa usafi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama miguu, kama anayeuliza ilikuwa wapi wiki ile nzima mtani akikohoa.

Kila tulipokutana na watu mtani akarudia. Alinisikia. Mzee wa Kiarabu dukani akasikia habari, akanipa soda. Miezi miwili nilibeba uongo ule, na kila mtu alipoupamba, mie sikuongeza neno wala sikupunguza.

Kontena likatoka Kurasini. Mzee wa duka akaniwekea kipande changu cha chuma kama alivyoahidi. Mtani alikuwa kaja kuaga, anarudi Tabora kwa mkewe moja kwa moja. Nikamwomba tushuke mteremko pamoja. Nikakata plastiki mbele yake, nikaweka chuma, nikakaza. Kile kipande nikakiweka chini kati yetu.

"Mtani," nikamwambia, "siku ile sikukusikia. Hiki kilikata sauti. Nilijua toka pigo la kwanza kwamba sitakusikia, na nikakaa juu ya tangi mpaka maji yalipokatika. Nilikuja kwa sababu ya pampu. Sikuja kwa kugonga kwako."

Akakiokota kipande, akachungulia ndani yake kama darubini, upande wangu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ulipogonga yako matatu sikupata kitu mkononi. Mie mtu wa pampu, unadhani sikuona ulichofunga? Nikawasha kwa saa."

"Sasa kwa nini uligonga vile? Ulilichuna bomba zima."

"Ulitaka nifanye nini, Mzaramo? Niimbe?"

Akakohoa, akakaa kwenye kijiguzo mpaka kikapita. Nilisimama. Sikujua mikono niiweke wapi.

"Na kwa nini unawaambia watu nilisikia?"

"Niwaambieje?" akasema. "Nimeokolewa na Mzaramo aliyechelewa? Tabora nitauweka wapi uso?" Kisha, bila kunitazama, "Umekaa nusu saa. Nilikuwa nahesabu mie. Ilikuwa ndefu, mtani."

"Najua."

"Hujui."

Akainuka, akachukua spana yangu, akateremka polepole kuelekea shimoni, akisimama kila hatua chache. Nilipanda mpaka tangini, nikaweka kiganja kwenye chuma, nikangoja. Alichukua muda mrefu kufika. Sikuondoa mkono.

Likaja pigo. Moja, halafu jingine, halafu mfululizo.

Nikashuka mbio.